Walimsindikiza kwa Nyimbo

Mwaka mzima Fabiola aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, kando ya ziwa, na kila Jumamosi alipeleka chochote kwenye sanduku la akiba la akina mama, lile la funguo tatu. Donatien mumewe hakujua. Mwanamume huyo alipekua hata ndani ya unga. Akikuta noti aliichukua, kisha kipigo kikafuata. Dola mia mbili na kumi alizokwisha kuweka zilitosha kumtorosha na kumfikisha Fabiola na watoto wake wawili kwa dada yake Kamanyola, kupanga chumba na kuanza biashara. Gari lingeondoka Jumatatu alfajiri, na mgawo wa akiba ulikuwa Jumamosi.

Sasa, chama hicho kina desturi yake. Anayepata fungu kubwa kuliko wote husindikizwa kwa nyimbo hadi mlangoni kwake, mume naye aone. Kila mwaka aliyesindikizwa alikuwa Charlène, muuza mchele, na Fabiola hakuwaza kwamba ingekuwa vingine. Lakini mwaka huu Charlène aliuguza mtoto, akiba yake ikaliwa na dawa. Likaitwa jina la Fabiola.

Rais wa chama, Maman Consolate, alikwisha kumfunga kitenge kipya.

"Maman, muniache niende peke yangu. Kichwa inaniluma."

"Muone haya yake!" Consolate akacheka. "Bwana yako aone kama iko na muke wa kazi!"

"Hapana, maman. Ninakuomba."

Alitaka kusema yote. Lakini angesemaje mbele ya wanawake thelathini, nusu yao wakiimba kwaya moja na Donatien? Siri ya mtungi aijuaye kata. Wakampandisha mlima wa Nyalukemba kwa vigelegele, bahasha wameibandika kifuani pake kwa pini ili kila mpita njia aione. Nia yao ilikuwa njema kabisa, na ndiyo iliyomponza. Fabiola alilia njia nzima, nao wakasema ni furaha.

Donatien alifungua mlango. Akaitazama bahasha, akamtazama mkewe, kisha akatabasamu lile tabasamu linalopendwa sana kanisani. Akaichomoa pini taratibu na kuipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, bamaman. Kumbe muke wangu anajua kuficha!"

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja.

"Papa Donatien," Consolate akauliza, "mwaka yenye kuya aendelee kuweka akiba?"

"Aendelee." Mkono wake ulikuwa umetua begani mwa Fabiola, na vidole vikakaza. "Lakini ile njia iko mbali, atachoka. Siku ya kugawa, nitakuya miye mwenyewe."

Akina mama wakapiga makofi, wakisema heri aliyepata mume mwenye huruma. Fabiola naye akapiga, maana Donatien alikuwa anamtazama.