Mpangaji wa Nyumba Yake

Nyumba ilikuwa yake. Fedha zake, jasho lake, na mgongo uliopinda juu ya cherehani ukishona mapazia ya watu ulikuwa wake. Jina tu ndilo halikuwa lake. Nchi ile ya ugenini haikumruhusu mgeni kumiliki nyumba, basi Mama Mapazia akainunua kwa jina la shoga yake, mwenyeji, na siri wakaizika wao wawili.

Sasa shoga naye kazikwa, na hofu ikahamia ndani ya nyumba ile, ikila naye na kulala naye.

Maana sikia balaa alilojitafutia. Miaka yote aliwaimbia majirani, "Mimi mpangaji tu, jamani!" Bomba likipasuka, anapaza sauti uani: "Huyu mwenye nyumba wangu mpaka nimpigie magoti!" Shoga akija, wanajifungia chumbani wakicheka mpaka machozi. Hata binti yake alimfundisha tangu hajang'oka jino: ukiulizwa, sema sisi ni wapangaji. Akikosea, anafinywa. Mtaa mzima ulikuwa shahidi dhidi yake, na mashahidi kawaandaa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi geti likagongwa. Alikuwa kaka wa marehemu, mrithi pekee, na nyuma yake mwanamume wa suti aliyebeba mkoba. Mama Mapazia akamkagua yule wa suti toka juu hadi chini. Suti Jumamosi? Kama si serikali, nani basi? Wamejua. Watamnyang'anya nyumba, kisha wamfukuze nchini yeye na mwanawe.

"Pole na msiba, dada," kaka akasema.

"Sote pole, kaka. Karibuni ndani."

Ndani alikuwemo jirani, aliyekuja kuchukua pazia lake na, kama kawaida yake, akaota mizizi kwenye kiti. Mama Mapazia akamimina chai, nusu kikombeni, nusu mezani. Yule wa suti akatoa kalamu.

"Dada," kaka akasema, "nina swali moja tu, na naomba uniambie kweli. Nyumba hii ni ya nani?"

Mama Mapazia akashika kitambaa, akaanza kufuta chai iliyomwagika. Binti yake, aliyekuwa sakafuni akichezea vipande vya vitambaa, akainua kichwa.

"Ya mama mwenye nyumba. Sisi ni wapangaji tu."

"Ati kweli, dada?"

"Kweli tupu!" jirani akadakia. "Mtaa mzima tunajua!"

Mama Mapazia akaitazama ile kalamu. "Kweli, kaka," akasema.

Kaka akashusha pumzi. "Afadhali. Maana marehemu pale hospitali alinishika mkono, akang'ang'ania: nyumba si yangu, ni ya shoga yangu, mrudishie. Ndiyo maana nimekuja na huyu wakili. Anasema mgeni anaweza kuandikiwa mkataba wa pango wa miaka mingi, akae kwake kihalali kabisa. Kumbe yalikuwa maneno ya homa tu, maskini." Akainuka. "Basi nitaiuza. Usijali, nitakupa muda wa kuhama."

"Kaka, ngoja!" Kikombe kikamponyoka, kikavunjika. "Nyumba ni yangu! Wallahi ni yangu! Niliogopa tu, kaka yangu, niliogopa!"

Jirani akajipiga paja, akaangua kicheko. "Yako! Sasa hivi tu ulikuwa mpangaji! Mwenzetu tamaa imekuzidi. Hata udongo wa marehemu haujakauka."

Kaka hakucheka. Alimtazama Mama Mapazia kama mtu aliyemkuta mgeni wake akipekua kabati. Kisha akamwashiria wakili, wakatoka, na jirani akawafuata hadi getini akiendelea kutoa ushahidi ambao hakuna aliyemwomba.

Mama Mapazia akabaki amesimama katikati ya vigae vya kikombe.

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, mkono wake keshauficha nyuma, usije ukafinywa. "Si nimesema vizuri?"