Kilima Kinapojilaza

Mkurugenzi wa hospitali aliweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, akafunga mkanda, akamwambia dereva waanze na gari la otomatiki. Muuzaji alikuwa ameleta magari mawili, hilo na la gia za mkono, ili hospitali ichague moja la kubebea wagonjwa kutoka ng'ambo ya kilima, ambako barabara ni udongo mtupu. Dereva, mama wa makamo aliyeipita njia hiyo tangu nywele zake zote zingali nyeusi, aliwasha gari.

Kilima kilipomwona mkurugenzi, kilijilaza. Ndivyo kilivyokuwa siku zote kwa watu wenye vyeo. Kilele kilishuka taratibu, makorongo yakajifukia, matope yakakauka, na gari lilipofika palikuwa tambarare. Chai haikutikisika. Walirudi, wakapanda lile la gia za mkono, na chai haikutikisika vilevile.

“Sasa mama, tofauti iko wapi?” mkurugenzi aliuliza.

“Leo haipo, bosi. Tofauti iko siku usiyokuwepo.”

Akamweleza bila kumficha. Otomatiki si mbaya. Kwenye mchanga na mawe humpunguzia mtu kazi, na mguu wa kushoto unapumzika. Ila hili waliloletewa hubadilisha gia linavyotaka lenyewe. Ukishuka kilima kimesimama, matope chini na mgonjwa nyuma, unataka gia namba moja ibaki namba moja, injini ndiyo ilishike gari, maana ukitegemea breki kwenye utelezi umekwisha. Halafu akasema lililokuwa moyoni. Binti yake ameolewa ng'ambo ya kilima, ana mimba ya miezi saba, na mvua zinakuja.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Watu walipenda kumsema, lakini apewe haki yake: alijitahidi kukiona kilima kimesimama. Alirudi kwa miguu, amevaa kandambili, kikajilaza. Alipanda kwenye machela nyuma ya gari, akajifunika shuka gubigubi, akaguna kama mgonjwa. Kikajilaza, na dereva akamwambia anaweza kuacha kuguna. Siku hiyo alishuka garini amenywea.

“Nakuamini, mama,” alisema. “Lakini bodi itaniuliza nimeona nini.”

Bodi ilimuuliza ameona nini. Likanunuliwa la otomatiki, kwa sababu viti vyake vilikuwa laini, na suala la kuchonga barabara likaachwa, kwa kuwa hakuna anayechonga barabara iliyonyooka. Kwa aibu, mkurugenzi alimpa dereva namba yake ya simu. Binti akishikwa na uchungu apigiwe, atakuja wapande wote, kilima kilale.

Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua kubwa. Dereva alipiga simu. Mkurugenzi alikuwa kwenye kikao cha kujadili usafiri wa wagonjwa, na vikaoni simu huzimwa. Basi akaenda peke yake. Kupanda hakukuwa na shida. Gari lilikwea vizuri, na zuri lake tuliseme. Wakati wa kurudi, binti akiwa amelala nyuma pamoja na mama mkwe wake, kilima kilikuwa kimesimama wima na maji yanaporomoka njiani. Katikati ya mteremko gari likajibadilishia gia. Mguu wa kushoto wa dereva ukakanyaga klachi isiyokuwepo.

“Mama,” binti alisema kutoka nyuma, “kiambie mimi ni mwanao.”

“Kinakujua,” dereva alijibu.

Gari liliteleza kiubavu hadi mtaroni, likakwama hapo. Mtoto alizaliwa mle mle mtaroni, wa kike, amekamilika viungo vyote, na hakulia. Dereva alimpakata mjukuu wake mpaka mvua ikakatika. Hakuwahi kuumia hivyo maishani mwake, na kesho yake aliripoti kazini kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Mkurugenzi alikwenda kutoa pole. Kilima kikajilaza, gari lake likapita bila kugusa breki, naye akalia njia nzima.

Mwaka uliofuata alistaafu. Alikuwa amenunua kiwanja cha kufugia kuku ng'ambo ya kilima, akijua barabara haina tabu, na kwa kuwa gari la ofisi lilikuwa limeshachukuliwa, aliomba lifti kwenye gari la wagonjwa. Alikaa mbele, ubavuni mwa dereva. Kilima kiliwaona wakija. Hakikufanya lolote.

Mstaafu aliinua macho, akazidi kuyainua. Aliyaona makorongo, na matope yaliyochimbika, na maji yaliyokata njia vipande viwili.

“Kumbe ni kirefu hivi,” alisema.

“Ndicho hicho, mzee.”

Alichomoa kalamu mfukoni mwa shati, akaifungua, akatafuta mahali pa kutia sahihi. Kisha akakumbuka, akaifunga. Akauliza kama mkurugenzi mpya ameshakuja kukikagua.

“Alikuja juzi,” dereva alisema. “Amesifu sana barabara.”

Akamwonyesha mzee pa kushikilia, wakaanza kupanda.