Tuba ya Mapajani

...na labda mchungaji atasahau, Wanjohi alifikiri, matangazo yenyewe ni marefu leo, kuna ndoa ya yule kijana wa Kapsoya, kuna mabati ya choo, kuna mkutano wa akina mama, kutoa vyombo vya muziki kwa madhabahu ni mwisho kabisa, na mtu akichoka huruka mambo ya mwisho, basi akatulia kwenye benchi la bendi, tuba yake, tarumbeta ya besi, mapajani kama mtoto aliyepelekwa kliniki, maana ndivyo ilivyo, ndogo, ya kusafiria, unaitia kwenye begi, unaivaa mgongoni, unapanda bodaboda kutoka Langas na hakuna anayekugeukia, lakini ukiipuliza inanguruma sawasawa na ile kubwa ya kanisa, ile iliyobonyea, ambayo hajaigusa tangu alipopasuliwa ngiri na daktari akamwambia Mzee, vitu vizito sasa ni vya wengine, naye akaitikia kana kwamba anaambiwa habari za jirani, kisha miezi mingi bendi ikapiga bila besi na yeye akaimba na waumini huko nyuma kwa sauti yake mbovu, mpaka Joy, binti yake, akaja na hii kutoka Nairobi, akaiweka mezani kando ya sufuria ya ugali, akasema, Baba, hii utaweza... amina, kanisa lilisema, naye akasema amina, hakusikia ni ya nini, labda mvua.

Na ilikuwa shukrani tu, Jumapili iliyopita, alisimama kushuhudia kwamba Bwana amemrudishia pumzi na chombo cha kuiwekea, hapo angekaa, kila mtu hukaa hapo, lakini mtu mmoja akapiga makofi, na Dada Kageha anayeongoza bendi akasema haleluya kwa ile sauti yake ya trombone, na makofi yakaongezeka, yakapanda kama maziwa jikoni, na Wanjohi akajisikia akisema kwamba chombo hiki si cha kukaa nyumbani, nimekitoa, ni cha madhabahu, na akina mama wakapiga vigelegele, naye akalia, machozi ya kweli kabisa, hilo ndilo linalomshangaza mpaka leo, kwamba machozi yalikuwa ya kweli, ilhali anajua vizuri sheria ya kanisa lao, chombo kikipakwa mafuta hakitoki tena, kinafungiwa stoo, kisije kikapigwa kwa baa au kwa disko la harusi, kinatolewa Jumapili peke yake na kupewa yule aliyechaguliwa na Kageha, na Kageha amekwisha kumchagua mwalimu Kiptoo, mwenye kifua kama ghala, tena alimweleza Wanjohi kwa upole, sasa Mzee wetu utapumzika, akasema asante, asante ya nini... mchungaji alikuwa amefika kwa mabati, kuna mtu aliyatoa na mtu mwingine alidhani ni yake, watu walicheka kidogo, Wanjohi pia alicheka, meno yake yalihisi baridi.

Ndani ya mfuko wa koti mkono wake ulikuwa umefumbata kile kidomo cha chuma cha kupulizia, alikichomoa asubuhi kabla ya kutoka, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri, ataenda mbele na tuba, atapiga magoti, itapakwa mafuta, hakuna atakayetazama, halafu Jumapili ijayo Kiptoo ataishika na kukuta haina mdomo, wataulizana, watasema mwiteni Mzee Wanjohi, naye atakuja polepole, hatakuwa na hasira, atakitoa mfukoni... na alipofika hapo kwa mawazo alijiona, akitembea katikati ya viti, shingo zikigeuka, na akajua amewahi kuiona picha hiyo, ndiyo ile ile ya Jumapili iliyopita, ni makofi tena, Bwana nihurumie, hata wizi wangu nimeupangia makofi.

Waiyego, mke wake, alikuwa upande wa akina mama, kitambaa cheupe, hakumtazama, Jumapili ile ya ushuhuda walipofika mlangoni kwao alitafuta ufunguo kwenye pochi, akamuuliza akiwa amempa mgongo, "Baba Joy, ni nani alikuitisha hiyo kitu?" naye akasema ni Bwana, na Waiyego akafungua mlango akaingia kuweka chai... lakini si Bwana, Wanjohi alifikiri sasa, taratibu, kama anayehesabia mtu mwingine dhambi, Bwana hakuniitisha, jioni nikipuliza ile noti ya chini jikoni, vikombe vikitetemeka na Waiyego akichambua maharagwe bila kuinua kichwa, hapo Bwana husikia na haniombi chochote, walioniitisha ni watu na viganja vyao, na nikiitoa leo nitakuwa namalizia tu uongo niliouanza, nitaupaka mafuta.

Mchungaji alilamba kidole, akageuza karatasi, mabati bado hayajaisha, na Wanjohi akakirudisha kile kidomo mahali pake kwenye tuba, akakizungusha mpaka kikakaza, aibu ilikuwepo lakini ilikuwa mbali kidogo, kama pikipiki kwenye barabara ya pili, watamwambia atoke benchi la bendi, inawezekana, Kageha atainamisha kichwa, na akaanza kupanga atakachosema, ndugu zangu, nilisema naitoa kwa sababu mlikuwa mnanipigia makofi, siitoi, naipenda, mniombee, akairudia moyoni, akatafuta mahali pa kuongeza kitu kizuri, chozi, mstari wa shukrani, akaona hapana, iachwe hivyo, kavu, isiwe na mahali popote mtu anaweza kupiga kofi.