Tairi za Kubebea Ndizi

Agnetha alishaamua. Jumamosi gari lake lingeingia mashindano ya mbio za magari ya wanaoanza huko Muleba, na Jumapili lingebeba ndizi za mama kutoka Rubafu, kama kawaida.

"Funga pana kama zangu," kaka yake Rwekaza alisisitiza kwenye duka la tairi, Rwamishenye. "Mpira laini, zinang'ata lami!"

"Mbona zimezaliwa na kipara?" Agnetha aliuliza. Hata hivyo alimwambia fundi azifunge. Kisha, ili kuzijaribu, akanunua mikungu ya ndizi gengeni, akaijaza kwenye buti. Gari likainama nyuma, tairi zikagusa bodi.

"Zitoe," akasema. "Nifungie za saizi yake, zenye mifereji ya kina ya kutoa maji."

Rwekaza alicheka mpaka akapaliwa. "Unachagua tairi kwa ndizi!"

Jumamosi mvua ikanyesha. Agnetha alikata kona zote kwa raha zake. Rwekaza, naye akishindana na tairi zake pana, aliteleza kwenye kona ya kwanza, akatumbukia mtaroni, gari likavutwa hadi gereji.

Jumapili alikuja kwa miguu kuomba lifti ya Rubafu. Agnetha akamfungulia mlango.

"Panda, kaka. Kwenda utakaa kama bwana. Kurudi, mikungu itakayokosa nafasi kwenye buti utaipakata."