Aliyeitika Kutoka Kigali

Mzee Nkusi alikuwa akimenya ndizi huku akimtania mkewe, Laurence, kwamba chumvi ya jana ilitosha kulisha ng'ombe watatu. Kisu kikamponyoka. Akaegemea ukuta, akateleza polepole hadi sakafuni, macho wazi, kifua kimya.

Laurence alimwita mara tatu bila kujibiwa. Akachukua simu, akabonyeza 912, namba ya gari la wagonjwa ambayo mhudumu wa afya aliwafundisha pale mtaani kwao Mbugangari, wilayani Rubavu, hadi wakaikariri kama sala.

"Nikusaidie nini?" Ilikuwa sauti ya msichana, tulivu.

"Mume wangu ameanguka hapa Mbugangari, hapumui! We iko wapi, binti?"

"Niko Kigali, mama. Mbugangari sehemu gani…"

Kigali! Tangu utoto wake kule Cyanzarwe alijua jambo moja: mwenye shida hupiga yowe, na anayelisikia huitika kwa miguu yake. Akiitika kwa mdomo tu na kubaki kwake, kesho ataulizwa mbele ya watu. Sasa huyu wa Kigali, na milima yote ile katikati, angemfaa nini? Laurence akakata simu, akatoka uani, akapiga yowe.

Wakaja mbio. Hamdani, fundi cherehani wa jirani, na futi yake shingoni. Mkewe Nadra, mikono imejaa unga. Byiringiro wa pikipiki. Hawajaingia wote, simu ikalia. Laurence akaipokea kwa spika, wote wakasikia.

"Mama, usikate tena," akasema yule msichana. "Gari lenu halitokei huku, linatoka hukohuko kwenu Gisenyi. Lipite wapi?"

"Nyuma ya musikiti, ukate pale kwa muuza makaa."

"Weka watu kwenye kila kona walionyeshe njia. Lakini mzee hawezi kulisubiri. Mlaze chali, mweke kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Bonyeza kwa nguvu, upesi, tuhesabu pamoja."

Nadra alikuwa ameshatoka kupanga watu njiani. Laurence akaiweka simu sakafuni, akapiga magoti.

"Nitamuvunja mbavu!"

"Mbavu zitapona, mama. Moja, mbili, tatu…"

Akabonyeza. Jasho likamtiririka, kasi yake ikaanza kupungua.

"Ukichoka mwingine apokee," sauti ikasema, "ila kifua kisipumzike hata kidogo."

"Hiyo tunajua," Hamdani akasema. "Ni ingobyi hiyo."

Ujanani mwake alikuwa amebeba sana ingobyi, machela ya kusuka waliyopelekea wagonjwa hospitali. Wanaume walibadilishana mabega wakiwa mwendoni, na mgonjwa hakuguswa na ardhi hata mara moja. Vivyo hivyo mikono ya Hamdani ikaingia ya Laurence ilipotoka, bila pengo.

"We fundi, unabonyeza ao unapiga pasi?" Byiringiro akafoka. "Ongeza mwendo!"

"Ngoja zamu yako, kelele za pikipiki yako zinatosha!"

"Ishirini na tano, ishirini na sita," yule msichana akahesabu, na wote wakamfuata.

Laurence aliishika simu kwa mikono miwili juu ya kifua cha mumewe. Yowe la kwao lilivuka bonde moja, likafifia. Hili la msichana lilikuwa limevuka Rwanda nzima na halijapoa. Hakumjua Nkusi, hakula chumvi yao, na bado alikuwa humo jikoni, amepiga magoti pamoja nao. Laurence akahisi haya kwa kumkatia simu, na mwili ukamsisimka, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

Gari likafika, limepokezwa kona hadi kona. Wahudumu wawili wakaingia na kimashine cha kushtua moyo, wakawaambia wote waachie. Mwili wa Nkusi ukashtuka. Mmoja akamwekea vidole shingoni, akakaa hivyo kitambo.

"Mapigo yapo."

"Mapigo iko," Laurence akaiambia simu. "Binti, iko."

Kisha akamsikia msichana akigeukia wenzake wapokea simu: "Yapo! Mzee wa Rubavu, mapigo yapo!" Na sauti zikalipuka, za kike na za kiume, chumba kizima cha watu ambao Laurence hakujua kwamba walikuwa wakimsubiri mumewe.

Walipompakia garini, akapanda naye, akaisogeza simu sikioni mwa Nkusi ili naye awasikie.