Maji ya Paji la Uso

Kila Jumatano mwaka ule wa 1951, hedimani Kiema, msimamizi aliyewekwa na serikali ya kikoloni, alipuliza filimbi mapema, na wanawake wa kijiji cha Tulia wakapanda kilimani kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mvua yenyewe ilikuwa imewatupa mkono, lakini amri ya serikali haikungoja mawingu. Wengine walichimba, wengine walibeba mawe mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Mwanamke aliyebeba hivyo tangu utotoni, paji lake hubonyea na kubaki limebonyea.

Nthenya alikuwa na bonde la namna hiyo pajini, lenye kina kuliko ya wenzake. Mwaka uliopita alibebeshwa mawe akiwa na mimba kubwa, kwa sababu Kiema alisema mimba si ugonjwa. Mtoto alizaliwa pale pale mtaroni na hakulia. Nthenya alimlilia shambani na kanisani, na hakuna mtu aliyemwambia Kiema neno.

Kisha Jumatano moja, alipovua mukwa, maji yakaanza kutoka katika lile bonde. Alidhani ni jasho. Akayaonja, hayakuwa na chumvi. Akainamia kibuyu, kikajaa, akampa jirani yake Mumbua, aliyekuwa mjamzito na midomo imempasuka. Mumbua akanywa, akashukuru, akauliza kama yatawatosha wengine. Yakatosha. Wanawake walipanga foleni, wakanywa, wakasema ni matamu kuliko ya visima vya mchanga kule mtoni, wakarudi kwenye mawe yao. Vipepeo weupe, walioadimika tangu ukame uanze, wakaja kutua kwenye nywele za Nthenya.

Jumapili, Nzioka, mwalimu wa kanisa, alifurahi kupita kiasi, maana mahubiri yalikuwa yamejipika yenyewe. Alimsimamisha Nthenya mbele, bakuli chini ya kidevu ili asilowanishe sakafu.

"Mnaona," alisema, "Mungu amemchimba dada yetu kwa mateso, ili apate kumtumikia."

"Hapana, mwalimu," alisema Nthenya. "Aliyenichimba ni Kiema. Mungu ametia maji."

Kiema alikuwa benchi la mbele, kofia magotini. Nzioka alikohoa, akataja wimbo.

Baada ya ibada Nthenya alimfuata hedimani nje. "Mzee, Mumbua amekaribia kujifungua. Mwache akae nyumbani."

"Mlikuwa mnalia kiu," alijibu Kiema bila ukali wowote. "Sasa maji yapo hapo hapo kazini. Apumzike kwa nini?" Akaongeza na Ijumaa kuwa siku ya mitaro, kwa kuwa maji yapo.

Nthenya alirudi nyumbani amekasirika, akajifunga kitambaa kichwani, akakikaza. Akamwambia Mungu wazi wazi kwamba hakuomba kisima, aliomba mtoto. Kitambaa kililowa, maji yakamchuruzika shingoni wakati anapika.

Jumatano Mumbua alishikwa na uchungu akiwa na mawe mgongoni. Kabla hajapiga kelele Nthenya alikuwa amekwisha kumvua mukwa, amemtandikia leso kwenye kivuli cha ukingo wa mtaro, amemwegemeza mgongo kifuani pake. Yote ambayo hakuna aliyemfanyia yeye, aliyakumbuka moja moja, akayafanya.

Mtoto alitoka kimya, amegeuka rangi. Nthenya akakivuta kile kitambaa cha kichwani, akainama, na maji yakamwangukia mtoto usoni. Vipepeo wakapaa. Mtoto akalia. Nthenya naye akalia, kwa ajili ya huyu na kwa ajili ya yule.

"Mwaitu," Mumbua alimwita kwa heshima, kama mama yake, "ulijuaje la kufanya?"

"Nilikuwa hapa mwaka jana," alisema Nthenya.

Kiema alikuja kutazama. Jua lilikuwa kali na filimbi ilikuwa imemkausha koo, akaomba maji. Nthenya hakumpenda, na Mungu alijua hivyo. Kisha akainamisha kichwa, na hedimani akakinga viganja vyake, akanywa hadi akatosheka.

"Ni matamu kweli," alisema, akifuta mdomo.

Akampa Mumbua ruhusa hadi Ijumaa. Kisha akapuliza filimbi, na wanawake wakainua mawe.