Dawa ya Goti

Fundi makochi alikuwa anaukaribia mwaka wa sabini, na kisukari kilikuwa kinamla taratibu, kama mchwa na nguzo. Kilianza na macho, akawa hawezi kutunga uzi sindanoni. Kikaja na ganzi ya nyayo. Halafu kikamnyang'anya lile ambalo mwanamume halisemi.

Mkewe hakulalamika. Usiku alimgusa bega. Fundi akajifanya amelala. Akamgusa tena siku nyingine, akaambulia mkoromo wa uongo. Mwisho akageukia ukutani, na mgongo wake ukawa ndio mpaka.

Kwenye karakana, alasiri zote zilikuwa za kinyozi wa jirani, swahiba wake tangu ujana. Alikuja akajibwaga juu ya kochi lililochunwa kitambaa, akaanza kujisifu kwamba jogoo wake bado anawika. Fundi alicheka huku akigongelea misumari. Siku moja alijikaza, akasema ana rafiki yake, mtu mzima, mambo yamemlalia. Kinyozi akasema huyo rafiki keshakufa, anangoja kuzikwa tu. Fundi akacheka na hilo pia.

Akaenda zahanati peke yake. Daktari alikuwa binti, rika la kitindamimba wake. Alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamuuliza anasumbuliwa na nini. Marahaba ilitoka bila shida.

"Goti," alisema fundi.

Daktari alimpima sukari, akakunja uso. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama lipo pia jambo la chumbani, maana wazee wengi wenye kisukari wanalo, na kuna namna ya kusaidiwa.

"Hapana, mwanangu. Ni goti tu."

Akarudi nyumbani na dawa ya kuchua.

Mkewe alikuwa amefikiri kwa upande wake, akafika alikofika. Asubuhi moja alimmiminia chai, akakaa mbele yake.

"Baba, kama una mwingine niambie. Nitaumia, lakini nitajua moja."

Ukweli ulikuwa pale pale ulimini. Fundi aliutazama uso ule aliozeeka nao, akaona huruma itakavyoutanda, akaiogopa kuliko hasira.

"Ninaye," alisema.

Mkewe hakupiga kelele. Alimaliza chai yake, akaosha kikombe, akaenda kwa binti yao mkubwa. Watoto wakaacha kumpigia baba yao simu. Kinyozi, habari zilipomfikia, alikuja mbio karakana akiwa na mkono wa pongezi.

"Kumbe mzee mwenzangu! Kimya kingi kina mshindo."

Fundi aliupokea ule mkono.

Mwisho wa wiki binti alikuja kuchukua nguo za mama yake. Hakuketi. Alisema mama ana swali moja tu: ni nani?

"Hamumjui," fundi alisema.

Binti alifunga sanduku, akaondoka bila kumuaga, kama alivyoingia bila kumwamkia.